Bloku za nta zisitupwe: RNA zisizounda protini na saratani za kwetu

Kwa Mhariri,

Makala mliyochapisha wiki iliyopita kuhusu RNA zisizounda protini (RNA ni nakala za DNA ndani ya seli) na nafasi yake katika utafiti wa saratani ilinifurahisha, kwa kuwa ni nadra suala hili kupewa ukurasa mzima kwa Kiswahili. Hata hivyo, mwandishi alihitimisha kwa kuwaahidi wasomaji kwamba karibuni tone moja la damu litatosha kugundua saratani yoyote, na kwamba hakutakuwa tena na haja ya mgonjwa kukatwa kipande cha uvimbe. Nimefanya kazi miaka mingi katika maabara ya histolojia, yaani ya kuchunguza tishu kwa hadubini, hapa Kisumu, na naona ahadi hiyo imeutangulia ushahidi. Ubaya wake mkubwa ni kwamba inatusahaulisha hazina tuliyo nayo tayari, yaani vipande vya tishu vilivyogandishwa ndani ya nta, ambavyo sisi wa maabara huviita bloku.

Msingi wa suala mliueleza vyema. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maagizo ya kuunda protini, na maagizo hayo yanachukua chini ya asilimia 2 ya DNA yake yote. Sehemu kubwa ya DNA iliyosalia nayo hunakiliwa kuwa RNA, na baadhi ya RNA hizo, hasa zile fupi mno ziitwazo mikroRNA, hujishika kwenye RNA zinazobeba maagizo ya protini na kuzizuia zisifanye kazi. Victor Ambros na Gary Ruvkun, walioeleza mikroRNA ya kwanza mwaka 1993 wakichunguza mnyoo mdogo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Uhusiano na saratani ulidhihirika mwaka 2002, pale kundi la Carlo Croce huko Marekani lilipochunguza aina moja ya saratani ya damu ambamo kipande cha kromosomu ya 13 hupotea mara kwa mara. Watafiti walikuwa wamekisaka humo jeni ya protini yenye kuzuia saratani bila mafanikio. Kilichopatikana ni mikroRNA mbili, miR-15 na miR-16.

Lakini makala haikuigusa saratani ambayo watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria wanaijua kwa macho, ile inayovimbisha taya la mtoto kwa muda wa wiki chache tu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliieleza mwaka 1958, na baadaye ikabainika kwamba hushamiri pale ambapo malaria haikatiki mwaka mzima. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli za uvimbe huo, ambao huitwa limfoma ya Burkitt, virusi tunavyoviita leo Epstein-Barr. Hapa ndipo RNA zisizounda protini zinapokuwa jambo la nyumbani kwetu. Ndani ya seli za limfoma ya Burkitt, virusi hivyo huzima karibu jeni zake zote za protini na kubakiza hasa moja, EBNA1, kwa sababu kinga ya mwili hutambua vipande vya protini, na kila protini inayoonekana ni hatari kwa virusi. RNA zake zisizounda protini hazivifichui virusi kwa njia hiyo, basi huzitengeneza bila kujizuia: zile mbili ziitwazo EBER zaweza kufikia nakala milioni moja katika seli moja, na juu yake kuna kundi la mikroRNA. Ni virusi hivihivi vilivyokuwa vya kwanza kugunduliwa, mwaka 2004, kwamba vina mikroRNA zake vyenyewe.

Wingi huo wa EBER ndio unaotumiwa na wataalamu wa patholojia, wanaotambua magonjwa kwa kuchunguza tishu. Utando mwembamba hukatwa kutoka kwenye bloku, ukatiwa dawa inayonasa EBER, na chini ya hadubini viini vya seli zilizoambukizwa huonekana vimeshika rangi. Kwa hiyo RNA isiyounda protini inawafaa wagonjwa wa saratani tayari, ila inawafaa kupitia kile kipande cha uvimbe ambacho makala yenu ilikiaga. Kuna jambo la ziada ambalo nadhani halijulikani vya kutosha hata miongoni mwa madaktari: RNA ndefu huharibiwa vibaya na formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, na umri, lakini mikroRNA, kwa ufupi wake, hustahimili, na mtafiti anaweza kuzipima katika bloku iliyokaa kabatini miaka kumi au zaidi.

Damu ina tabu zake. Chembe nyekundu zina miR-16 na miR-451 kwa wingi, na zikipasuka ndani ya chupa, mikroRNA hizo humwagika katika plazima, yaani majimaji ya damu, na kuvuruga vipimo. Sampuli iliyotikisika barabarani kutoka Siaya au Homa Bay kwa saa kadhaa juani inaweza kuonyesha tofauti ambayo haina uhusiano wowote na saratani, na zaidi ya hayo, malaria yenyewe kazi yake ni kupasua chembe nyekundu. Kipimo kitakachobuniwa kwa wagonjwa wa Boston kitahitaji kujaribiwa upya kwa watoto wa Nyanza kabla mtu hajakiamini. Hata kipimo cha mkojo cha PCA3, RNA ndefu isiyounda protini inayohusiana na saratani ya tezi dume, kilipoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kilikusudiwa kusaidia kuamua kama mwanamume ambaye kipande chake cha kwanza hakikuonyesha saratani akatwe kingine. Kwa upande wa tiba, nitasema tu kwamba jaribio la kwanza la kuwapa wagonjwa wa saratani mikroRNA ya kutengenezwa, lililoanza 2013, lilisitishwa 2016 baada ya kinga za baadhi yao kuchachamaa vibaya na kusababisha vifo. Hilo halikutajwa, na lilistahili sentensi moja.

Sasa, hali ya bloku zetu. Katika hospitali moja ya kaunti ninayoifahamu, bloku za miaka mingi zilitupwa kwa sababu chumba kilihitajika kwa kazi nyingine. Kwingine zimo katika maboksi, nta imelainika kwa joto na namba zimefutika, hivyo hakuna awezaye kuioanisha bloku na jalada la mgonjwa. Mzazi aliyekubali mwanawe akatwe kipande cha taya alifanya jambo gumu, na si haki matunda yake yaishie jaani. Hasara hiyo haiwahusu wenye Burkitt pekee. Bloku za wagonjwa wa saratani ya umio kutoka upande wa Bomet, ambako madaktari wameripoti wagonjwa walio chini ya miaka 30, zingeweza kuulizwa maswali ambayo bado hatujayatunga.

Gharama yake si ya kutisha: chumba kikavu chenye ubaridi, rejista inayosomeka, formalini iliyochanganywa sawasawa na kutiwa tishu mara tu inapotoka chumba cha upasuaji, na fundi wa histolojia aliyeajiriwa kwa kudumu. Idhini ya wazazi iandikwe kwa lugha wanayoielewa, na bloku inapopelekwa ng'ambo kwa utafiti, sehemu yake ibaki hapa.

Ningeomba gazeti lenu liwaulize mawaziri wa afya wa kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia na Kakamega swali moja na kuchapisha majibu yao: bloku za hospitali zenu zinahifadhiwa wapi, na za zamani kabisa ni za mwaka gani?

Mtaalamu wa maabara ya histolojia,
Kisumu