Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Mlima Kenya

Mwanangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, habari kwamba unakwenda kukaa Bonde la Teleki nimezipata kwa shangazi yako, ilhali nilistahili kuzisikia kinywani mwako. Hata hivyo nimeusoma mpango wa utafiti uliomwachia mama yako, tena kwa fahari, maana katika ukoo wetu wa watu wa bahari wewe ndiwe wa kwanza kuijua mimea ya mlimani kwa majina yake.

Ninachokihofia ni kimoja: usiku wa kule juu. Umeandika mwenyewe kwamba kwenye mita 4,000 na zaidi jua huwaka mchana na maji huganda usiku, karibu mwaka mzima, kwa kuwa penye ikweta tofauti ya mchana na usiku huipita ile ya majira. Basi itazame hiyo mimea yako. Senesio kubwa, mti unaoweza kufikia mita 6, hauyaachilii majani yake yaliyokufa; huyavaa shinani kama blanketi ili maji yaliyomo ndani yasigande, na anayeyabandua huuhatarisha mti. Lobelia nayo hukunja majani jioni kukikinga kichipukizi cha katikati, na ile ya penye majimaji huweka maji baina ya majani yake, yakafanya ganda la barafu juu usiku, huku chini kichipukizi kikisalimika. Lobelia ya Teleki, ambayo huchanua mara moja tu kisha ikafa, hata shada lake refu la maua limejaa manyoya. Mimea iliyozaliwa huko hujifunika kila jua likitua. Wewe, mtoto wa Mji wa Kale, sweta aliyokununulia mama yako umeiacha kabatini.

Usiku huohuo ndio unaonitia hofu juu ya mwendo wako. Kutoka kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, hadi kambi ya Mackinder, karibu mita 4,200, wengi hupanda kwa siku moja. Usiwafuate; mwili huhitaji muda kuuzoea mwinuko. Lala usiku wa ziada njiani, na ukiumwa kichwa ukaanza kutapika, teremka saa ileile, usingoje kupambazuke, hata kama vipimo vyako havijakamilika. Ukaidi wako naujua, na ndio uliokufikisha hapo ulipo, lakini huko si mahali pake.

Hapa nyumbani mkungu wa uani umepukutisha majani hadi mfereji ukaziba, na fundi bado hajaja. Mama yako hataki ukatwe. Anasema ungojewe wewe uje utuambie kama mizizi inaula ukuta.

Sweta, soksi za sufu na blanketi zito nimemkabidhi kaka yako atakayepanda basi la Ijumaa. Ukizipokea nipigie simu, na huko bondeni uzivae kabla jua halijatua, usisubiri kutetemeka.

Wasalaam,
Baba yako