Tunamwaga wali, tunavuna kunguru

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumze na wasomaji wenzangu ambao, kwa nia njema kabisa, humwaga makombo ya wali na ugali uani wakitarajia kwamba ndege wadogo watakuja kula na kukaa. Nimefanya hivyo kwa miaka miwili hapa Tanga, na nilichovuna ni kunguru.

Ninaowasema ni wale wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji, kisha wakaenea mwambao; si yule kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe. Hao hawaridhiki na makombo. Wakishauzoea ua, hupekua kila mti uliomo na kukomba mayai na makinda ya shore, mnana na chozi. Vuli iliyopita chozi jike alitundika kiota kwenye tawi la mkomamanga, hatua tatu kutoka dirisha la jiko: kifuko cha majani makavu na nyuzi za utando wa buibui, chenye mlango ubavuni na kijipaa juu yake kama cha kibaraza. Nilikichungulia kila siku hadi makinda wakaanza kulia. Asubuhi moja nikamwaga ukoko chini ya mti uleule, na sijafika jikoni kuosha sufuria, kunguru wawili walikuwa wamekwisha kukipasua. Kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo nimeacha kulisha, nikaanza kupanda. Chozi hana haja na wali. Hufuata mbochi, yaani maji matamu ya maua, na kwangu huanzia kwenye mshubiri, akamalizia kwenye ua la mgomba. Mapapai mawili matatu mimi huyaacha yaivie mtini, na shore huja kuyatoboa kabla jua halijapanda. (Kunguru naye huonja, sikatai, lakini hakai.) Dawa ya kupuliza wadudu nimeiondoa kabisa, kwa sababu chozi, ijapokuwa mwenyewe hunyonya mbochi, makinda wake huwalisha wadudu na buibui, na bustani isiyo na mdudu hata mmoja ni bustani yenye njaa.

Kinachowavuta ndege kuliko vyote, hasa wakati wa kiangazi, ni maji. Nimeweka bakuli pana la udongo, maji yasiyozidi kina cha vidole vitatu, na katikati jiwe lenye mikwaruzo ili ndege mdogo apate pa kukanyaga. Liko mbali kidogo na kichaka, maana paka hujificha humo. Jirani yangu alikuja kulalamika kwamba nafuga mbu, na baada ya mlipuko wa homa ya dengi wa 2019 simlaumu hata kidogo. Mbu huchukua takriban wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo mimi humwaga maji kila asubuhi. Hata hivyo, kumwaga peke yake hakutoshi: mbu wa dengi hubandika mayai kwenye kingo za chombo, juu kidogo ya maji, nayo hustahimili ukavu kwa miezi, hivyo kingo lazima zisuguliwe. Kumbi la nazi linatosha.

Haya yote mwenye ua anaweza kuyafanya bila kumwomba mtu. Asiloliweza ni jalala la mtaa. Letu hukaa siku nne au tano bila kuzolewa, na juu yake nimewahi kuhesabu kunguru 40 kwa mkupuo mmoja, ambao wakishashiba hapo hugawana miti yetu. Nawaomba wanaohusika na uzoaji taka watuwekee kontena lenye mfuniko na gari lipite angalau mara tatu kwa wiki, kabla masika hayajaanza na mnana hawajarudi kusuka viota.

Msomaji wako,
Tanga