Barua ya wazi kwa Katibu wa Elimu ya Juu: tupeni uwezo wa kuwaalika wanazuoni wetu wenyewe

Kwa Mheshimiwa Katibu,
Idara ya Elimu ya Juu na Utafiti,
Wizara ya Elimu, Nairobi.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Lamu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa kisiwani, na nikitoka kazini huwasaidia watafiti wanaokuja kusoma miswada ya kale na kuuliza habari za mji. Nakuandikia hadharani kwa sababu ombi langu ni la wengi. Nataka vyuo vikuu vya umma vya Pwani vipewe fungu la kuwaalika wanazuoni kutoka nje, na sehemu kubwa ya fungu hilo iwaendee wanazuoni wa nchi ambazo bahari inatuunganisha nazo: Komoro, Tanzania, Msumbiji, Yemeni, Omani.

Kwa ilivyo sasa, anayekuja Lamu kufanya utafiti ni yule aliyelipiwa na kwao. Marekani ina mfuko wa ufadhili wa Fulbright, Ujerumani ina DAAD, na vyuo vingi vya Ulaya vina fedha za safari za wahadhiri wao. Wageni hao sina kinyongo nao. Baadhi yao wamekuwa ndugu wa mji huu. Lakini anayelipa ndiye anayechagua swali, ndiye anayepanga mgeni akae muda gani na matokeo yachapishwe wapi na kwa lugha ipi. Chuo cha Kenya kinachoitwa mwenyeji hutoa barua tu, kwa kuwa mgeni hapati kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, mpaka awe chini ya taasisi ya hapa. Barua ikishapigwa muhuri, mgeni hutua uwanja wa ndege wa kisiwa cha Manda, huvuka kwa boti, hufanya kazi yake na kuondoka. Mara nyingi wanafunzi wa chuo kilichompokea hawamjui hata kwa sura.

Mambo haya hayakuanza leo. Muhamadi Kijuma, mshairi na bingwa wa khati, yaani mwandiko wa herufi za Kiarabu, wa hapa Lamu aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wageni wa Ulaya tendi nyingi kwa mkono wake. Nyingi za nakala hizo ziko London na Ujerumani. Zimetunzwa vizuri, nalo ni jambo la kushukuru, na baadhi ya picha zake zimewekwa kwenye intaneti. Hata hivyo mwanafunzi wangu akitaka kuona khati ya mtu wa mji wake huitazama kwenye kioo cha simu, mtandao ukikubali. Shanga, magofu ya mji wa kale kule kisiwa cha Pate, ilichimbwa miaka ya 1980 na Mark Horton, na kazi ile iliibadilisha historia ya Waswahili: chini ya msikiti wa mawe kulikutwa misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, ya awali kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Ripoti yake ilitoka Uingereza kwa Kiingereza. Watu wa Siyu, mji wa jirani, huenda Shanga kwa miguu, na mpaka leo sijaona muhtasari wa Kiswahili ulioandikwa kwa ajili yao.

Kuna mfano mwema pia, na ni haki niutaje. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na miswada yenyewe ikabaki Lamu. Na hiyo Riyadha aliyeiasisi ni nani? Ni Habib Swaleh, aliyekuja hapa kutoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, katika karne ya 19. Alikuwa mwanazuoni mgeni. Lamu ilimpa pa kukaa, naye akawafundisha hata watumwa na watoto wa watumwa, watu ambao wenye elimu wa wakati ule hawakuwaona kuwa wanafaa kusomeshwa. Wageni wanaojaa mjini kila mwaka kwa Maulidi ni matunda ya mgeni yule mmoja.

Ilikuwa msimu wa Maulidi pia, miaka michache iliyopita, alipotufikia mwalimu mmoja kutoka Moroni, mji mkuu wa Komoro. Alikaribishwa na jamaa zake, si na chuo. Mzee mmoja wa mtaa wa Langoni alimfungulia sanduku lake. Ndani yake, kimefungwa kwa kipande cha kanga, mlikuwa na kitabu kisicho na jalada, kingo zimeliwa na mchwa, wino umekuwa rangi ya kahawia. Matini ya katikati ni fikihi, elimu ya sheria za dini, kwa Kiarabu, na hiyo tulikuwa tukiisoma. Kilichotushinda siku zote ni maandishi madogo ya pambizoni, yaliyopinda kuufuata ukingo wa karatasi. Tulidhani ni Kiarabu kilichoharibika. Yule mwalimu alikigeuzageuza kitabu, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kusoma kwa sauti. Ilikuwa ni Kingazija kwa herufi za Kiarabu. Mwanafunzi wa zamani alikuwa akijiandikia jinsi alivyolifahamu somo kwa lugha ya kwao. Mzee alikaa kimya, mkono kifuani, akimsikiliza mgeni akiisoma sauti iliyokuwa nyumbani mwake tangu enzi za babu yake bila yeye kujua.

Mgeni alimaliza kurasa chache, likizo yake ikaisha. Alipofika kwao alikiandikia chuo kikuu kimoja hapa nchini akiomba apokewe kwa muhula mmoja. Alijibiwa kwa adabu: karibu sana, ila hatuna fungu, njoo na ufadhili wako. Hakuja tena. Kitabu kingali sandukuni, na kila masika unyevu unakila zaidi.

Najua utaniambia nini, Mheshimiwa. Wahadhiri wamekuwa wakigoma wakidai malipo waliyokubaliwa kwa maandishi, vyuo vina madeni ya mabilioni, na wazazi wanalia na karo tangu mpango mpya wa ufadhili uanze mwaka 2023. Mhadhiri alipwe kwanza, hilo silibishi. Lakini fedha ninazoziomba hazitoki kwenye mfuko wa mishahara. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kutaka itengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijakaribiwa hata mara moja. Siombi uikamilishe asilimia hiyo kesho. Naomba katika kile kinachotolewa iwemo sehemu, hata iwe ndogo, yenye jina la wageni.

Maana kumpokea mwanazuoni wa Moroni au wa Zanzibar hakuna gharama ya kutisha. Ni nauli, bima, ada ya kibali, chumba, chakula, na posho ya msaidizi wa hapa. Miezi ya masika watalii huwa wamekwisha kuondoka na nyumba nyingi za wageni ziko tupu. Wenye nyumba watapunguza bei kwa furaha kwa mtu anayekaa miezi mitatu. Jambo moja nakusihi: masurufu yatoke kabla ya safari. Desturi ya kumwambia mgeni ajilipie kisha alete risiti inawafaa wenye mishahara minono ya Ulaya. Mwalimu wa Komoro hana cha kutanguliza.

Na kwa kuwa fedha itakuwa yetu, masharti nayo yawe yetu. Mgeni afundishe muhula mzima katika chuo kilichomwalika. Mwanafunzi wa uzamili afuatane naye kila siku ya utafiti, maana ujuzi wa kusoma khati haupatikani kwa kutumiwa faili. Atoe mhadhara kwa Kiswahili katika Ngome ya Lamu, milango ikiwa wazi kwa wavuvi, mama wa nyumbani na watoto wa madrasa. Nakala ya kila alichokipiga picha ibaki Makumbusho ya Lamu, na mzee aliyefungua sanduku lake atajwe kwa jina akiridhia. Sharti hilo la mwisho ndilo wazee wanaloniuliza kuliko yote.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Naomba, kabla hayajafungwa, Idara yako iwaite wakuu wa vyuo vya Pwani na watu wa Makumbusho ya Taifa mkae juu ya ombi hili, na mtakaloamua mlitangaze. Mkikubali kuja kuketi huku Lamu, ukumbi tutautafuta sisi, na wazee wenye miswada nitawaomba waje nayo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Mkomani, Lamu.

Nakala: Gavana wa Kaunti ya Lamu, wakuu wa vyuo vikuu vya umma vya Pwani, Makumbusho ya Taifa ya Kenya.