Kwa Nini Laini ya Akiba Hukataa Kufanya Kazi Siku Inapohitajika

Tangu upepo wa kusi uanze, malalamiko yanayotufikia yanafanana: mteja amelipia laini mbili za redio kati ya majengo yake, moja ya kazi na moja ya akiba, kisha ile ya kazi ikakatika na shughuli zote zikasimama ilhali laini ya akiba ilikuwa nzima. Hivi karibuni bwana mmoja mwenye nyumba za wageni Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, alitueleza waziwazi kwamba anajiona ametapeliwa mara mbili, kwanza na fundi aliyemwekea laini ya pili isiyomfaa, na pili na sisi, kwa sababu makadirio ya bei tuliyompelekea hayakuwa na kifaa chochote kipya ndani yake isipokuwa malipo ya kazi ya kupanga ruta zake. Tunamheshimu mzee huyu, na kwa kuwa swali lake ni la wengi, tumeona tulijibu kwa maandishi.

Mtandao wake una ruta tatu, yaani vifaa vinavyoelekeza mawasiliano: moja Shela, moja ofisini katika mji wa Lamu ambako intaneti inaingilia, na moja kwenye ghala lake katika kisiwa jirani cha Manda. Shela inafika mjini moja kwa moja, na inaweza pia kufika kwa kuzungukia Manda. Fundi wa kwanza aliandika njia zote kwa mkono, yaani aliiambia kila ruta kwamba anwani fulani zipitie poti (tundu la kebo) fulani, na poti ya kwanza ikifa, zipitie ya pili. Antena ya paa la mjini ilipogeuzwa na upepo, mawimbi yalikatika, lakini kebo inayotoka kwenye ruta kwenda kwenye redio iliyo juu ya paa haikuguswa. Taa ya poti iliendelea kuwaka. Ruta hupima uhai wa njia ya namna hii kwa poti yake yenyewe, na poti ilikuwa hai, kwa hiyo iliendelea kupeleka kila kitu kwenye antena iliyokuwa ikitazama baharini. Laini ya Manda haikuwa na kasoro yoyote, haikuitwa tu.

Uelekezaji wa kujirekebisha unaondoa tatizo hili kwa kuzifanya ruta zizungumze zenyewe. Itifaki, yaani lugha ya makubaliano kati ya ruta, tunayoitumia zaidi ni OSPF, ambayo maelezo yake rasmi ya toleo la 2 yalichapishwa mwaka 1998 na bado ndiyo yanayofuatwa. Kwa mpangilio wa kawaida, kila ruta humpelekea jirani yake salamu kila baada ya sekunde 10, na zikipita sekunde 40 bila salamu kurudi, jirani huhesabiwa amekufa hata kama taa zote zinawaka. Habari hiyo husambazwa kwa ruta zote, kila moja hupiga upya hesabu ya njia fupi kutoka pale ilipo, kwa kanuni iliyobuniwa na mtaalamu wa kompyuta Dijkstra, na safari huhamia Manda bila mtu kupanda paa. Sekunde hizo zinaweza kupunguzwa kwa mteja asiyevumilia hata dakika moja.

Njia ya mkato tunayokutana nayo sana ni kuongeza ukaguzi wa ping, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa fulani kinajibu, kwenye njia zilizoandikwa kwa mkono. Ni afadhali kuliko kutofanya lolote, na kwa ruta mbili tu inaweza kutosha. Ila ping ya kawaida humkagua jirani wa kwanza peke yake: Shela ikiuliza Manda itajibiwa vizuri, ijapokuwa laini ya kutoka Manda kwenda mjini imekufa. Tena watu husahau safari ya kurudi. Shela inaweza kuhama, lakini ruta ya mjini isipohama nayo, majibu yatarudishwa kwenye laini iliyokatika na mgeni ataona ukurasa usiofunguka. Na siku mteja anapoongeza jengo la nne, kila ruta lazima iandikwe upya, na hapo ndipo tunapoitwa kutafuta mstari mmoja uliosahauliwa, kazi inayokula saa nyingi na fedha nyingi kuliko ambayo ingetumika mwanzoni.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo lawama ilipo. Ni kweli kwamba kuwasha OSPF ni maagizo machache. Kazi yetu haiko kwenye kuwasha. Tulimkuta mteja mmoja wa Mokowe ambaye kijana wa dukani alinakili mpangilio wa ruta moja akaubandika kwenye ya pili, pamoja na namba ya utambulisho ambayo kila ruta lazima iwe na yake. Mtandao ukawa unakuja na kupotea siku nzima, na wenyewe wakailaumu kampuni ya intaneti. Kwingine, ukubwa wa juu wa pakiti, yaani vifurushi vya data, uliwekwa baiti 1500 upande mmoja na 1400 upande wa pili, basi majirani wakasalimiana vizuri lakini hawakukamilisha kubadilishana habari za njia. Kuna pia nyumba ya wageni ambako OSPF ilikuwa ikitangazwa hadi kwenye Wi-Fi ya wageni, bila nenosiri, hivi kwamba mtu yeyote mwenye ujuzi angeweza kuifanya kompyuta yake ijitangaze kuwa ruta jirani na kuvuta mawasiliano ya nyumba yote yapitie kwake. Poti ya wageni hunyamazishwa isitangaze OSPF, na mazungumzo ya ruta hulindwa kwa nenosiri. Hatukabidhi kazi bila mambo hayo mawili.

Jambo linalotuchukua muda zaidi ni uzito wa njia, yaani namba inayoiambia ruta njia ipi ni bora. OSPF huchagua njia yenye jumla ndogo ya uzito, na ruta za kampuni ya Cisco, zisipoelekezwa vinginevyo, huukadiria uzito huo kwa kasi ya poti zikilinganisha na megabiti 100 kwa sekunde, kiasi kwamba poti ya megabiti 100 na ya 1000 huonekana sawa. Ruta haijui kwamba nyuma ya poti ya 1000 kuna redio inayopitisha 60 tu. Kwa hiyo tunaipima kila laini, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, kwa sababu mawimbi yanayoakisiwa na uso wa bahari hubadilika kadiri kina kinavyobadilika, na laini iliyo safi asubuhi huweza kudhoofika jioni. Fundi mmoja alipoona majirani wanapotea kila maji yakijaa, aliongeza muda wa kungoja salamu upande mmoja pekee. OSPF hudai muda huo ulingane pande zote mbili, hivyo ujirani ukavunjika kabisa. Dawa ilikuwa kubadili urefu wa antena.

Hatumuuzii kazi hii kila mtu. Duka lenye ruta moja na laini moja halihitaji OSPF, na tukiombwa tunakataa. Mwenye ruta moja na intaneti ya kampuni mbili naye anahitaji kitu kingine, yaani ukaguzi wa anwani iliyo mbali kupitia kila kampuni, kwa kuwa kampuni hizo kwa kawaida hazizungumzi OSPF na wateja wadogo. BGP, itifaki inayounganisha mitandao mikubwa duniani, huhitaji namba ya mtandao na anwani zako mwenyewe, na fungu dogo linalokubaliwa kwa kawaida ni la anwani 256. Hoteli ya vyumba vichache haina haja nayo.

Bei yetu inajumuisha mashua, kupima laini, mpango wa anwani, mchoro wa mtandao, nakala ya mpangilio wa kila ruta na manenosiri yote, ambayo ni mali ya mteja. Kabla ya kupokea malipo ya mwisho tunaizima redio ya paani mbele ya mteja, kebo ya ruta ikiwa bado imechomekwa, kisha anatazama mwenyewe kama simu yake inaendelea kupata intaneti kupitia njia ya pili. Isipoendelea, halipi.