Barua kwa mwanangu: kabla hujanunua almasi Dubai

Mwanangu Swabra,

Assalaam alaykum. Mumeo ameniambia tiketi zimeshakatwa, Dubai kwanza kisha Bangkok, na kwamba zile pesa mlizokuwa mkiweka tangu mwaka wa harusi umeamua zitoke pete ya almasi. Nimefurahi, wallahi. Umefanya kazi, umengoja, na ni haki yako kuvaa kitu kizuri. Ila mimi nimekaa kwenye kaunta ya sonara hapa Mji wa Kale tangu hujaanza chuo, na vinavyoletwa kutoka safarini nimeviona. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Haya nataka uyasome ukiwa umetulia.

Kubwa kuliko yote ni hili: almasi si akiba. Huku kwetu mwanamke akinunua dhahabu hajapoteza pesa, amezigeuza tu. Bangili zako za karati 22 ukizileta asubuhi, sonara atazipima, ataangalia bei ya siku, atakata chake, na kabla ya adhuhuri una karo mkononi. Ndivyo nyanyako alivyosomesha watoto. Almasi haina bei ya siku, wala hakuna kima cha gramu kilichobandikwa ukutani. Jiwe ulilonunua jana, ukilirudisha sokoni leo ukapata nusu, umshukuru Mungu. Nimemwona mama wa watu akileta pete yake wakati wa shida. Dhahabu ikapimwa, jiwe akarudishiwa kwenye kikaratasi, akalia pale pale. Kwa hivyo pesa utakazotoa kwenye jiwe zihesabu kuwa zimekwisha. Ukiona moyo wako hauwezi hilo, nunua dhahabu, mamangu, na hakuna atakayekucheka.

Ukilikubali, pangeni kima chenu hapa nyumbani, mkiandike, na msikivuke. Mkopo wa kadi wenye riba usiuguse kwa ajili ya pambo. Mnunuzi aliye safarini ana udhaifu mmoja, na kila muuzaji anaujua: keshokutwa ataondoka. Hawezi kwenda kulala akafikiria kwa wiki, hawezi kurudi na malalamiko mwezi ujao. Sonara wa hapa akikudhulumu, utakutana na mkewe kwenye harusi Ijumaa ijayo. Yule wa kule hutamwona tena. Yote ninayokuandikia yanatokana na hilo.

Sasa jiwe lenyewe. Utatajiwa mambo manne: uzito, rangi, usafi na mkato. Wauzaji huanza na uzito kwa sababu ndio unaoshika akili za watu. Karati ya almasi ni uzito, si ubora kama ile ya dhahabu, na moja ni gramu 0.2 tu, na bei haipandi polepole, huruka kwenye namba kamili. Jiwe la karati 1.00 huzidi kwa mbali bei ya la 0.92, ilhali kidoleni tofauti ya upana haifiki nusu milimita. Chukua la 0.92. Na usikilize vizuri wakikuambia hii ni pete ya karati moja. Mara nyingi ni mawe madogo madogo yaliyojumlishwa, na hayo kwa pamoja ni rahisi sana kuliko jiwe moja lenye uzito huo. Muulize muuzaji: hili la katikati, peke yake, ni karati ngapi? Na ajibu kwa maandishi.

Rangi hupangwa kwa herufi, kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, mpaka Z yenye umanjano. D usiilipie. Wewe hupendi dhahabu nyeupe, na jiwe likishakaa kwenye dhahabu ya manjano, H au hata J litaonekana jeupe kwa kila atakayekushika mkono. Usafi vilevile: VS2, yaani ngazi ya dosari ndogo sana, inatosha, na SI1, ngazi inayofuata chini yake, nyingi dosari zake hazionekani bila kioo cha kukuzia mara kumi. Pesa zako zitie kwenye mkato. Mkato ndio unaorudisha mwanga machoni. Jiwe lililokatwa vibaya huwa na giza katikati, hata liwe safi vipi. Kwa mawe ya duara GIA, maabara ya kupima mawe, hupanga mkato kwa ngazi tano. Chukua ya kwanza, au ya pili kama bei imekataa, usishuke chini ya hapo. Na usiamue chini ya taa za duka. Taa zile zimewekwa makusudi ili kila kitu kimetemete, hata kipande cha kioo. Omba kulisogeza jiwe mlangoni, ulitazame kwenye kivuli cha mchana. Mwenye mali safi hatakunyima.

Kuna almasi zinazooteshwa maabara, nazo siku hizi zimejaa. Si bandia: ni kaboni ile ile na ugumu ule ule, 10 kwenye kipimo cha Mohs, na jicho la sonara haliwezi kuzitenga. Ile kalamu ambayo muuzaji huigusisha kwenye jiwe ikalia, hupima tu jinsi joto linavyopita. Ya maabara itafaulu kwa kuwa ni almasi kweli, na hata moisanaiti, ambayo si almasi, huihadaa kalamu hiyo. Ikilia, usiseme alhamdulillahi mapema. Mimi sina neno na za maabara. Bei yake imeporomoka sana miaka ya karibuni, na ukitaka jiwe kubwa la kupendeza kwa pesa kidogo, nunua ukijua. Dhuluma ni kuuziwa ya maabara kwa bei ya mgodini.

Kitakachokulinda ni cheti, na si cheti chochote. Karatasi iliyochapishwa na duka lenyewe ni maneno ya muuzaji kwa wino. Hati ya makadirio inayosema pete ina thamani mara mbili ya bei unayolipa, iache juu ya meza. Taka ripoti ya maabara isiyouza mawe: GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931, au IGI, ambayo utaiona sana kwenye mawe ya maabara. Ripoti ina namba, na kwa mawe mengi namba hiyo huchongwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, kwa herufi ambazo bila kioo huzioni. Chagua jiwe lenye namba iliyochongwa. Fungua tovuti ya maabara kwenye simu yako mwenyewe, si ya muuzaji, uingize namba. Uzito, rangi na vipimo kwenye tovuti viwe ndivyo vilivyo kwenye karatasi. Kisha uombe kioo usome ukingoni. Ripoti ya kweli inaweza kuwekwa pamoja na jiwe lingine, kwa hivyo kusoma karatasi peke yake hakutoshi.

Nikupe sababu ya kuling'ang'ania hili. Mwanamke mmoja alituletea pete aliyonunua safarini, akataka ipunguzwe kidogo. Sonara akawasha moto, na jiwe likachafuka mbele ya macho yetu. Nyufa zake zilikuwa zimejazwa kioo ili zisionekane, na joto likaiharibu ile kazi. Hakuambiwa aliponunua. GIA haitoi ripoti kwa mawe yaliyojazwa nyufa, na angalikuwa amedai ripoti hiyo, jiwe lile lisingefika Mombasa.

Mkifika Dubai mtaenda Deira, Soko la Dhahabu, hapana budi. Siku ya kwanza tembeeni tu, mkamate bei za maduka matatu manne kwa jiwe la sifa zile zile, mrudi hotelini. Dhahabu kule ina bei ya siku inayojulikana, kwa hivyo unachopatana ni ujira wa ufundi. Kwenye almasi nafasi ya kupatana ni pana zaidi, ndiyo maana bango la kupunguza asilimia 70 halina maana: limepunguzwa kutoka wapi? Atakayekuambia anakuuzia bei ya kiwandani, kumbuka almasi nyingi za dunia hukatwa Surat, kule Gujarat, na hata duka la ghorofa tatu limezipata huko huko. Usione ajabu ukioneshwa karati 18 badala ya 22 uliyoizoea. Dhahabu ya 22 ni laini mno kushika jiwe, na almasi nyingi hukaa kwenye 18. Tafuta muhuri wa 750, alama ya karati 18, ndani ya pete. Angalia pia vile vikucha vinavyoshika jiwe: viwe vinne au sita, vinene, na kitambaa kikipita juu yake kisinase.

Risiti isomeke yote: almasi ya asili au ya maabara, uzito wa jiwe, rangi, usafi, namba ya ripoti, karati ya dhahabu na gramu zake. Akikuandikia "pete ya almasi" akaishia hapo, mrudishie aandike upya. Ukilipa kwa kadi, mashine ikikuuliza shilingi au dirham, bonyeza dirham. Ukichagua shilingi, wao ndio watakaokupangia kiwango cha kubadilisha, na hakitakuwa cha kukupendelea. Imarati hutoza kodi ya asilimia 5, na mgeni hurudishiwa sehemu kubwa yake. Dai duka likuandikishie marejesho hapo hapo, kwa pasipoti yako, na uwanja wa ndege uyathibitishe kabla hujakabidhi mizigo. Pete yenyewe iwe kwenye mkoba wako wa mkononi, wala usiitie kwenye sanduku.

Bangkok naomba usinunue jiwe lolote. Ni mji mzuri, na wafanyabiashara waaminifu wa vito wapo, lakini mgeni hana njia ya kuwatambua. Kuna utapeli wa miaka mingi pale. Mtu nadhifu, mwenye heshima, anakuambia kasri la mfalme au hekalu limefungwa leo kwa sababu ya sikukuu. Dereva wa tuk-tuk anajitokeza kwa nauli ya bure au ya senti chache. Mnapita kwa "bahati" kwenye duka ambalo leo, siku ya mwisho, serikali inaruhusu vito viuzwe kwa bei ya jumla. Kisha anatokea mtalii mwenzio anayesema yeye hununua hapo kila mwaka na kuuza kwao kwa faida maradufu. Wote ni kundi moja. Ukisikia habari ya kununua ili ukauze faida, shika mkono wa mumeo mwondoke, hata kama chai imeshamiminwa.

Na wakikusikia mnazungumza Kiswahili, huenda akaja mtu na mawe ghafi kwenye karatasi, akasema ni ya mgodi wa Mwadui. Mwadui ni ya kweli. Iko Shinyanga, Mkanada Williamson aliigundua mwaka 1940, na huko ndiko lilikotoka lile jiwe la waridi la karati 54.5 alilomzawadia Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947, kabla hajawa malkia. Lakini almasi ghafi haivuki mpaka wa nchi zilizo katika Mkataba wa Kimberley, ule wa kuzuia almasi za vita, bila cheti cha serikali, tangu 2003, na Imarati ni mojawapo. Ukikamatwa nayo uwanja wa ndege, si pesa tu zitakazopotea. Mkataba huo unahusu mawe ghafi peke yake, kwa hivyo muuzaji wa pete akikupungia cheti cha Kimberley, hajakuambia lolote kuhusu jiwe ulilolishika.

Mkirudi, mtangaze mlichonunua kwa forodha, na risiti mkononi. Nasikia watu wakifundishana kuivaa pete na kupita kama ni ya zamani. Usifanye. Kuna kodi utakayolipa, basi iingize kwenye kima chako tangu sasa, ili isije ikakuuma pale kwenye meza ya ofisa. Bangili zako unazokwenda nazo zipige picha kabla ya safari, asije mtu akadai nazo umezinunua huko.

Bado jambo moja, nalo tulimalize hapa hapa. Njoo dukani Alhamisi baada ya Alasiri tukupime kidole. Asubuhi kidole huwa chembamba, na joto hukivimbisha, kwa hivyo jioni ndiyo saa yake. Pete yenye mawe kuzunguka yote haipanuliki baadaye, na namba ya kidole ukiijua huna haja ya kumwamini mtu akuambie "itakaa tu". Nitakupa pia kioo changu cha kukuzia uende nacho, nikufundishe kukishika karibu na jicho. Na ukishapata jiwe ulilolipenda, kabla hujalipa, nitumie namba ya ripoti na picha ya risiti. Hata kama ni usiku wa manane huku, nitaamka niziangalie.

Msalimie mumeo, na umwambie tasbihi ya babako asiisahau.

Ni mimi mamako,
Mji wa Kale, Mombasa