Kiegemeo kizito hakimalizi teke la bunduki

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wawindaji wanaojiandaa kwa msimu kuhusu viegemeo vya kulazia bunduki, vinavyopakiwa mifuko ya madini ya risasi ili kulipunguza teke la bunduki (msukumo wake wa kurudi begani) wakati wa kurekebisha shabaha. Faida yake haina ubishi: anayefyatua .375 H&H, risasi iliyoanza kuuzwa mwaka 1912 na ambayo bado inategemewa kwa nyati, huanza kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa baada ya milio michache, na hapo hawezi tena kujua kama kosa ni la bunduki au ni lake.

Hata hivyo, nguvu ambayo bega halikuipokea haijapotea. Kiegemeo kikizidishiwa uzito hadi kisisogee kabisa, kitako cha mbao ndicho kinachoibeba, nacho hupasuka kwenye shingo yake, huku skrubu za pete zinazoshikilia darubini zikilegea na darubini yenyewe kuteleza mbele. (Mafundi wengi hulaumu darubini kwanza!)

Isitoshe, bunduki huanza kurudi nyuma kabla risasi haijatoka mtutuni, kwa hiyo ikizuiwa kwa namna tofauti, risasi nayo huweza kutua mahali tofauti. Binafsi napunguza uzito ili kiegemeo kiteleze kidogo, kisha risasi 3 za mwisho nazipiga nikiwa nimesimama, mtutu ukiwa juu ya fimbo tatu za kuegemezea bunduki, zilezile nitakazotumia porini.

Msomaji wenu,
Arusha