Mlonge na risasi ya chubwi

Ngamiani, Tanga

Ndugu yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Umeuliza kama mlonge utazikinga mbegu za kiume za vijana wako wa Sahare na sumu ya risasi, maana wao wanayeyusha risasi ya betri kuukuu na kumimina chubwi za mishipi. Utasaidia kidogo, ila moshi na vumbi vipungue kwanza.

Risasi hukalia nafasi ya zinki inayokaza vinasaba kwenye kichwa cha mbegu ya kiume, vikalegea. Tena huzusha oksijeni kali inayounguza mafuta ya utando wake, mbegu ikakosa mbio. Majani ya mlonge, kitunguu saumu na tangawizi hupoza huo uunguzaji. Lakini majaribio mengi ni ya panya, wanaonyweshwa dondoo, yaani kiini kilichokamuliwa kwenye majani, kabla ya sumu au pamoja nayo. Risasi iliyokwisha kuingia mifupani hukaa miaka mingi, na hakuna chai ya kuing'oa.

Usidanganywe na vipimo vya panya. Miligramu 200 za dondoo kwa kilo ya panya, kwa kijana wa kilo 60 ni kama gramu 2 za dondoo kavu, ambayo si unga wa majani. Basi unga uwe chakula tu: kijiko cha chai kwenye mchuzi ulioepuliwa. Anika majani kivulini mpaka yavunjike ukiyafinya. Yakibaki na unyevu huota ukungu guniani. Mizizi msiguse, ina sumu. Na wanaokunywa mwarobaini kila asubuhi, au kutafuna mbegu za papai, waache: kwa panya, vyote viwili vimepunguza mbegu za kiume.

Kazi kubwa iko pale motoni. Ningekuwa na amri, betri zisingepasuliwa kabisa. Vipande vya nondo vinazamisha mshipi vilevile. Kama lazima, wakae upande upepo unakotoka. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, wasizidishe moto. Majivu wayalowanishe kabla ya kufagia. Wanawe kwa sabuni kabla ya kula, nguo za kazi zisiingie nyumbani, na wasifanye kazi na njaa, maana tumbo tupu hufyonza risasi zaidi. Dagaa wa kuliwa na mifupa wanafaa sana, maana kalisi yake hupunguza ufyonzaji huo. Sigara huongeza kadimiamu, metali nyingine yenye sumu.

Wapimwe kiwango cha risasi kwenye damu. Kwa kipimo cha shahawa, wajizuie kutoa shahawa siku 2 hadi 7, kichupa kikae mfukoni karibu na mwili, kifike maabara ndani ya saa moja. Warudie baada ya miezi 3, kwani mbegu hutengenezwa kwa siku 70 na ushei, kisha hukomaa kwa siku kadhaa hadi wiki mbili hivi.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Athumani